Simu zetu ni janja, lakini bado hazijakijua Kiswahili

NENO 'janja' limepata bahati ya ajabu katika Kiswahili cha siku hizi. Katika ngano tulizosimuliwa utotoni, mjanja alikuwa Sungura. Alimhadaa Fisi, akamhadaa Simba, akala asichopanda, kisha akatoroka. Hakuna msimulizi aliyewahi kumwita Sungura mwenye hekima. Kiswahili kina ngazi zake katika jambo hili: kuna ujanja, kuna werevu, kuna busara, na juu ya zote ipo hekima.

Simu za mkononi zenye vioo vya kugusa tumeziita 'simu janja', na sidhani yupo atakayebisha kwamba jina limekaa mahali pake. Zinajua tulipo. Zinajua tulichotaka kununua juzi, na leo zinatukumbusha. Lakini mwambie mama wa kijijini aiamuru simu hiyo kwa lugha anayoitumia sokoni na msikitini au kanisani, uone itakavyobabaika. Swali ninalotaka tulijadili wiki hii ni hili: simu ifanyiwe nini ili ipande ngazi kutoka ujanja hadi busara?

Wataalamu wa vifaa watakujibu kwa kamera, betri na kasi. Hayo ni yao, na wanayafanya vizuri. Mimi nitajibu kama mwanaisimu. Kwa Mkenya wa kawaida, kinachoifanya simu isimsaidie inavyopaswa ni lugha. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Simu iliyo mfukoni mwa raia haijafikiwa vyema na habari hiyo. Mara nyingi Kiswahili kilichomo ndani yake ni maneno yaliyobandikwa juu ya mwili wa Kiingereza. Menyu imetafsiriwa, ila kilicho chini yake bado kinafikiri kwingine.

Kibodi na kitenzi

Tuanze na kibodi. Kibodi ya simu hutabiri neno unalotaka kuandika na kurekebisha lile inalodhani umelikosea. Kwa kiasi kikubwa hulinganisha herufi ulizobonyeza na orodha ya maneno iliyo nayo, kisha ikakisia neno lipi huelekea kufuata lipi. Kwa Kiingereza mbinu hii hufaa sana kwa sababu kitenzi chake hakibadiliki mno. Kitenzi 'pay' kina maumbo manne tu: pay, pays, paid na paying. Ukiyaweka manne hayo kwenye orodha, umemaliza kazi.

Sasa chukua kitenzi chetu 'lipa'. Tuna nafsi sita. Tuchague nyakati na hali nne tu: na, li, ta na me. Kila moja ina uyakinishi na ukanushi wake. Kisha kitenzi kinaweza kubeba kiambishi cha mtendwa, yaani ni, ku, m, tu au wa, au kisibebe chochote. Sita mara nne, mara mbili, mara sita, ni 288. Ondoa miungano isiyokubalika, kama vile 'ninanilipa', unabaki na maumbo 240 ya kitenzi kimoja. Na hapo hatujagusa ngeli nyingine, hatujagusa virejeshi, wala hatujanyambua kitenzi kikawa lipia, lipwa, lipisha au lipana. Mzazi anayeandika 'nitakayemlipia karo' ameweka katika neno moja yale ambayo Kiingereza kingeyasema kwa maneno matano au sita. Hakuna orodha itakayotosha. Kinachohitajika ni simu inayojua kanuni: kwamba 'ni' ni mtendaji, 'taka' ni wakati ujao ulio pamoja na kirejeshi, 'ye' ni kirejeshi chenyewe, 'm' ni mtendwa, na 'lipi' ni mzizi uliobeba kiambishi cha kutendea.

Huenda ukasema, 'Profesa, hayo si ni mambo ya darasani?' La hasha. Hebu tazama arafa za pesa, ambazo ndizo nyingi katika simu zetu. 'Nimetumiwa 5,000' maana yake pesa zimeingia. 'Nimetumia 5,000' maana yake pesa zimetoka, tena kitenzi hicho kina utata wake: ni matumizi ya dukani au kuna mtu aliyetumiwa? Tofauti kati ya kauli hizo mbili ni herufi moja. Vivyo hivyo 'nimelipa' na 'nimelipwa', au 'nimekopa' na 'nimekopesha'. Kibodi isiyojua unyambuaji inaweza kuchukua neno sahihi na kulibadilisha kuwa jingine lililo sahihi pia lakini lenye maana ya kinyume, na anayedaiwa akageuka mdai. Watu hukosana kwa mambo madogo kuliko hayo.

Pendekezo langu la kwanza, basi, ni kwamba kibodi ijengwe juu ya mofolojia ya Kiswahili. Na inapositasita kati ya maumbo mawili yanayogeuza nani katenda na nani katendewa, isibadilishe chochote. Ipige mstari chini ya neno, imwachie mwandishi aamue. Mtu mwenye busara asipokuwa na hakika huuliza.

Jambo hili linawezekana. Mnamo 1983 mwanaisimu wa Finland, Kimmo Koskenniemi, alibuni njia ya kuifundisha kompyuta kuchanganua maneno ya Kifini, lugha ambayo nayo hulirundikia neno viambishi. Mwenzake wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Arvi Hurskainen, akaitumia njia hiyo kwa Kiswahili, na mnamo 1992 akachapisha makala kuhusu uchanganuzi wa mofolojia ya lugha za Kibantu kwa kompyuta. Wakati huo simu janja hazikuwapo mikononi mwetu. Kumbe ujuzi ulikuwapo kabla ya chombo! Kilichobaki ni kuuhamishia kwenye kiganja cha mtumiaji.

Niongeze jambo moja ambalo huenda wasanifishaji wenzangu wasilipende. Wakenya huandika 'nitakusendia kesho' na 'nimeisave'. Sipendekezi kwamba tufundishe hivyo shuleni. Lakini tazama: mzizi ni wa kigeni, viambishi vyote ni vya Kiswahili na vimekaa mahali pake barabara. Simu inayojua kanuni itaelewa kauli hizo bila shida. Simu inayotegemea orodha itaziona kuwa takataka, izigeuze kuwa kitu kisichojulikana.

Alama moja, gharama tatu

Kiswahili sanifu kina bahati: huandikwa kwa herufi za kawaida zisizo na vitone wala mikwaju. Kipo kitu kimoja tu kinachosumbua, nacho ni kile king'ong'o cha ng'. Bila alama yake, 'ng'oa' hugeuka 'ngoa', na kung'oa mti si sawa na kuona ngoa. Katika kibodi nyingi alama hiyo imefichwa kwenye ukurasa wa pili, kwa hivyo watu wameizoea kuiacha. Akina Ng'ang'a nao wameandikwa Nganga katika rejista moja na Ng'ang'a katika nyingine, kisha wanatakiwa wathibitishe kuwa ni mtu yuleyule.

Lakini kuna la ndani zaidi. Arafa moja ina nafasi ya baiti 140. Ukitumia herufi zilizomo katika orodha ya msingi ya arafa, unapata herufi 160. Alama iliyonyooka (') imo katika orodha hiyo. Alama iliyopinda (’), ambayo simu na kompyuta nyingi huiweka zenyewe ili maandishi yapendeze, haimo. Ikiingia mara moja tu, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na nafasi hushuka hadi herufi 70. Ujumbe ukilazimika kugawanywa, kila kipande hubeba 67.

Fanya hesabu. Katibu wa chama anawaandikia wanachama 40 arafa ya herufi 150 kuhusu mnada wa ng'ombe, kupitia huduma ya kutuma arafa kwa wingi. Akiwa na alama iliyonyooka, atalipia arafa 40. Akiwa na ile iliyopinda, kila mwanachama hupata vipande vitatu, na chama kitalipia 120. Ng'ombe wale wale, gharama mara tatu! Pendekezo la pili, kwa hivyo, ni rahisi mno: kibodi ya Kiswahili iwe na kitufe cha ng' mbele, pamoja na herufi nyingine, na kitufe hicho kiandike alama iliyonyooka daima.

Saa mbili ni saa ngapi?

Sasa tuje kwenye saa. Mswahili huhesabu saa kuanzia macheo na machweo. Saa moja asubuhi ni baada ya jua kuchomoza. Saa mbili usiku ni baada ya giza kuingia. Simu huandika 8:00 pale tunaposema saa mbili. Kwa macho tumeshazoea kutafsiri, wala hatusumbuki. Shida inakuja pale tunapotaka simu itusikilize au itusomee. Ukiiambia simu 'niamshe saa kumi na moja' nayo ikaelewa 11:00, basi la alfajiri limekwenda, na mtihani wa mtoto pia.

Hapo ni usingizi tu. Fikiria mgonjwa aliyeambiwa ameze dawa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Mjukuu anamwekea kikumbusho kwenye simu kwa kuandika 2:00, mara mbili. Dawa itamezwa saa nane za mchana na saa nane za usiku. Pengo kati ya tembe na tembe ni lilelile, lakini dawa iliyotakiwa kuandamana na chakula sasa inamezwa usiku wa manane, tumbo likiwa tupu.

Isitoshe, vijana wetu husema 'tukutane saa eight', ambapo tarakimu ya Kiingereza hubeba hesabu ya Kiingereza ndani ya sentensi ya Kiswahili. Msikilizaji Mkenya hachanganyikiwi hata kidogo: 'saa nane' ni mchana, 'saa eight' ni asubuhi. Simu yenye busara ingepaswa kulijua hilo, na kila mara inapoweka kengele irudie kwa namna zote mbili: 'Saa mbili asubuhi, yaani 8:00.' Kwa desturi ya Waswahili wa pwani, tena, siku huanza jua linapotua, hivyo 'usiku wa Ijumaa' wa mzee wa Lamu ni ule ambao kalenda ya simu ingeuita Alhamisi usiku. Ndiyo maana magazeti yetu huandika 'usiku wa kuamkia Ijumaa'. Na lugha inayo kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo. Kalenda ya simu ingeweza kuyajua manne hayo.

Sauti ya nani?

Kuna Wakenya wasioandika kabisa, na kuna wasioona. Kwa hao, simu ni sauti. Wasioona hutumia programu inayowasomea yaliyo kwenye kioo. Maandishi ya Kiswahili yakisomwa kwa sauti iliyotengenezewa Kiingereza, 'pole' huwa nguzo, 'wake' huwa amka, na 'mate' huwa rafiki. Msikilizaji analazimika kukisia. Simu inapaswa kuitambua lugha ya kila ujumbe kabla ya kuusoma, na ijue kubadilisha sauti katikati ya sentensi, kwa sababu ndivyo tunavyoandika.

Upande wa kusikiliza una ugumu wake. Katika Kimvita, 'kaa' la moto na 'kaa' wa baharini hayatamkwi sawa: yule wa baharini ana mpumuo, yaani pumzi hutoka pamoja na sauti ya k. Maandishi ya Kiswahili sanifu hayaonyeshi tofauti hiyo. Kule Lamu utasikia 'ndia' kwa njia, 'nti' kwa nchi na 'mato' kwa macho. Bara nako, lugha za kwanza zina athari zake katika l na r, au katika b na mb. Wote hao ni wasemaji wa Kiswahili. Mashine iliyofunzwa kwa sauti za wasomaji wa habari peke yao haitawasikia.

Ndiyo maana mradi kama Common Voice wa Mozilla, ambao una Kiswahili miongoni mwa lugha zake, ni wa maana kwetu. Mtu yeyote hujirekodi akisoma sentensi, wengine huzisikiliza na kuzithibitisha, na mkusanyiko huachiwa watu wote waujengee programu. Pendekezo langu ni kwamba rekodi hizo zitoke pia kwa wavuvi wa Kipini, wauzaji wa Gikomba na wakulima wa Bungoma, wazee kwa vijana. Tena huduma za sauti zisiachiwe simu za bei pekee. Mwenye kabambe, ile simu ndogo yenye tochi tunayoiita mulika mwizi, aweze kupiga nambari, aulize kwa Kiswahili bei ya mahindi au tarehe ya kliniki, ajibiwe kwa Kiswahili. Akili inaweza kukaa kwingine. Simu ikabaki sikio na mdomo.

Laghai na ridhaa

Huduma ya M-PESA ilipozinduliwa mwezi Machi 2007, neno 'pesa' lilikuwa tayari ndani ya jina. Baadaye zikaja Fuliza na Hakikisha. Haya ni maneno mazuri. 'Fuliza' ni kufanya jambo mfululizo bila kusita, na 'hakikisha' linajieleza: jina la mpokeaji huonyeshwa kabla pesa hazijatoka. Kwa maoni yangu, Hakikisha ni mfano mwema wa busara ninayoizungumzia. Haikuhitaji simu ya bei. Ilihitaji mtu aliyejua ni wapi Wakenya huumia.

Lakini walaghai nao wanakijua Kiswahili, tena vizuri. 'Ile pesa tuma kwa hii nambari' ni sentensi fupi iliyowatoa watu jasho. Nguvu yake imo katika kionyeshi 'ile'. Hicho ndicho kinachodai kwamba mimi na wewe tulishazungumza, kwamba ipo pesa tunayoijua sote. Ni pragmatiki ya hali ya juu, ingawa imetumika kwa uovu. Chujio la ulaghai linalojua Kiingereza pekee halitauona mtego huo. Simu inayojua Kiswahili ingeweza kukuonya: 'Nambari hii hujawahi kuwasiliana nayo, na inaomba pesa. Mpigie mhusika kwanza.' Ingeweza pia kugundua arafa inayojifanya uthibitisho wa malipo ilhali imetoka kwa nambari ya kawaida, si kwa jina la huduma. Na kazi hiyo ifanyikie ndani ya simu yenyewe, bila arafa zetu kupelekwa kwingine kusomwa.

Hapo ndipo linapoingia suala la ridhaa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mtu iwe ya hiari, mahususi na yenye ufahamu. Sasa niambie, ufahamu gani upo pale mtu anapobofya 'Kubali' chini ya kurasa kumi za Kiingereza cha mawakili? Kila programu inayotaka kusoma majina kwenye simu yako au kujua ulipo, ingetakiwa kusema hivyo kwa sentensi tatu za Kiswahili kinachoeleweka, na iweze kuzisoma kwa sauti.

Kazi ni ya nani?

Kampuni za kigeni zitafanya sehemu yake. Google ilikiingiza Kiswahili katika huduma yake ya tafsiri mnamo 2009, na menyu za Kiswahili zimo katika simu nyingi. Lakini hakuna mgeni atakayejua kwamba 'saa eight' si saa nane, au kwamba 'ile' ni chambo, asipoambiwa. Kuwaambia ni kazi yetu. Mnamo 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na wataalamu wengine kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini kwa Kiswahili. Walithibitisha kwamba tunaweza kuanzisha wenyewe.

Idara zetu za Kiswahili zina tasnifu nyingi kuhusu ngeli, unyambuaji na lahaja, nazo zinakusanya vumbi rafuni. Idara za kompyuta, hatua mia moja kutoka hapo, zina vijana wanaotafuta mradi wa kuhitimu. Wakutanishwe. Mwanafunzi wa isimu aandike kanuni, mwenzake aigeuze kuwa programu, na wote wawili watunukiwe shahada. Istilahi nazo zipatanishwe, maana leo programu moja inakudai nenosiri, nyingine nywila, nyingine neno la siri, na bibi yangu kijijini anadhani ni vitu vitatu. Tanzania ina BAKITA tangu 1967, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ipo Zanzibar. Tuvitumie vyombo hivyo badala ya kila mtu kubuni lake.

Nawe, msomaji, usingoje maprofesa. Ingia kwenye mipangilio ya simu yako leo, uifanye iseme Kiswahili kwa wiki moja. Utakutana na tafsiri za kuchekesha na nyingine za kuudhi. Ziandike, uwatumie wenye programu, maana nyingi zina mahali pa kupokea maoni. Changia sauti yako. Andika ng' kwa alama yake, iliyonyooka. Mashine hujifunza kutokana na kile tunachoandika na kusema, na tukiendelea kuinyima Kiswahili itaendelea kutujibu kwa lugha nyingine, hata pale tunapoiuliza habari za dawa zetu na pesa zetu.